Tusimcheke Panya Buku

Wapo wasomi wetu wanaoona haya wakisikia kwamba hapa Morogoro panya hupima kifua kikuu. Wanasema ni dhihaka: Ulaya wapewe mashine, sisi tupewe panya. Mimi niliyefundisha walimu miaka mingi nasema haya hiyo imepotea njia.

Tuanze na hadubini, ambayo hakuna anayeicheka. Kwa chombo hicho Robert Koch alikitambua kijidudu cha kifua kikuu, akakitangaza mjini Berlin mwaka 1882. Zaidi ya miaka 100 baadaye zahanati zetu ziliendelea kutegemea njia ile ile. Nayo ina upofu wake: makohozi yasipofikisha vijidudu kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita, mpimaji anaweza asione kitu. Basi mtu anateremka kutoka Mgeta, anaambiwa hana ugonjwa, anapanda tena mlimani kulala chumba kimoja na wajukuu zake.

Sasa tumtazame panya. Shirika la APOPO lilihamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chini ya Milima ya Uluguru, mwaka 2000, kufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Baadaye wakafundishwa kunusa makohozi. Makohozi huchemshwa kwanza ili vijidudu vife, kisha hupangwa chini ya matundu. Panya hupita akinusa. Akisimama penye ugonjwa hupewa ndizi. Sampuli 100 humaliza kwa dakika 20 hivi. Kwa hadubini ni kazi ya siku hata nne. Wala panya hahukumu: anazozishuku hupimwa upya na wataalamu maabara. Hivyo ndivyo wagonjwa waliogunduliwa katika vituo vilivyoshiriki walivyoongezeka kwa takribani asilimia 40. Hao ni watu waliokwisha kuambiwa ni wazima!

Mtu atanijibu kwamba ipo mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, yenye kutoa majibu kwa saa mbili hivi. Naipokea kwa mikono miwili. Lakini inataka umeme, na kila kipimo kina kifaa chake cha kununuliwa.

Tena, iwe panya au mashine, majibu si ya haraka mpaka yamfikie mgonjwa. Mtihani uliosahihishwa upesi ukafungiwa kabatini haumfundishi mwanafunzi kitu. Maabara imethibitisha, na mwenye makohozi yuko Mgeta akimwagilia kabichi, anakohoa. Nani atapanda kumfuata? Nauli yake iko katika bajeti ya nani? Hapo ndipo wasomi wetu wangeona haya.

Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huyu hakuficha. Aliteremka mlima mzima kuja kuyaonyesha. Tusimfichie sisi.