Kiboko wa Lituhi, binamu wa nyangumi

Nilikuwa Ruvuma kikazi, kufuatilia kahawa ya Mbinga. Habari ya kahawa imeshatoka gazetini. Leo naandika ile nyingine, ambayo mhariri wangu aliitazama sekunde mbili, akacheka na kuuliza: "Nyangumi, Mbinga? Kijana, umekunywa nini?"

Sikunywa kitu. Siku yangu ya mapumziko niliteremka kutoka milima ya Umatengo mpaka Lituhi, pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Jioni nikakaa na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anatengeneza nyavu zake. Shikamoo, marahaba, usipa, bei ya mafuta ya injini, hatimaye tukafika kwa viboko. Usiku wanatoka majini kula mpunga wa watu, na ukikutana naye njiani kwenye giza ni wewe na Mungu wako. Mzee akaniambia: "Mwanangu, yule ni nguruwe tu aliyekasirika akahamia majini."

Nilicheka sana. Baadaye nikasoma nikaona aibu, maana mzee yule alikuwa anasema kile kile ambacho wataalamu wa Ulaya na Marekani walikisema kwa miaka mingi. Na wao walimweka kiboko kwenye ukoo wa nguruwe kwa kutazama meno na fuvu. Kuanzia miaka ya 1990 vipimo vya vinasaba vikaleta jibu ambalo wengi hawakulitegemea: ndugu wa karibu zaidi wa kiboko miongoni mwa wanyama wote walio hai ni nyangumi na pomboo. Siyo nguruwe, na siyo nguva, pamoja na kwamba naye anakaa majini. Nguva ukoo wake ni wa tembo, lakini hayo tuyaache, tutakesha.

Wabishi walitaka mifupa, na wana haki. Mwaka 2001 ikaletwa mifupa ya nyangumi wa kale kutoka Pakistan, nyangumi waliokuwa bado na miguu. Kifundo cha mguu wao kilikuwa na umbo lile lile la kifundo cha mbuzi, ng'ombe na kiboko. Hapo ubishi mwingi ukaisha. Mkubwa wa ukoo ule anaitwa Pakicetus, aliyeishi miaka milioni 50 hivi iliyopita, na ukimwona mchoro wake utadhani ni mbwa mwenye mdomo mrefu. Ila mfupa wa sikio lake ni wa kinyangumi kabisa. Kule Misri, jangwani Fayum, kuna Bonde la Nyangumi, ambalo UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Nyangumi wa pale, Basilosaurus, alikuwa anafika mita 15 na zaidi, tayari ni wa bahari moja kwa moja, lakini bado alikuwa na miguu ya nyuma midogo isiyoweza kumbeba.

Sasa utaniuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa bara?

Mwaka 1964, huko Loperot, Turkana, Kenya, ulichimbwa mfupa wa nyangumi. Turkana, ndugu zangu! Kilomita 740 kutoka baharini, mita 620 juu ya usawa wa bahari. Alikuwa ameishi miaka milioni 17 iliyopita, na inaelekea aliingia kwenye mto mkubwa, akapotea njia, akaogelea bara mpaka akafia huko. Mfupa wenyewe ukapelekwa Marekani, ukaandikwa kwenye jarida mwaka 1975, kisha ukapotea. Umepotea kwa miaka! Ulikuja kuonekana tena mwaka 2011 Harvard, na mwaka 2015 wanasayansi wakautumia kupima jambo kubwa: kama nyangumi aliogelea mpaka pale, basi wakati ule Turkana ilikuwa chini, karibu na usawa wa bahari. Ardhi ya Afrika Mashariki ilipanda baadaye. Nyangumi mmoja aliyepotea njia amekuwa kipimo cha kupanda kwa nchi nzima.

Nyasa hakuna nyangumi, na nasema mapema asije mtu akanizushia. Ziwa lipo mita 470 na kitu juu ya bahari, na anayetoka bahari akapanda Zambezi na Shire atakutana na maporomoko. Lakini sogea kidogo kutoka ufukweni, fuata Ruhuhu kuelekea juu. Bonde lile lina mawe ya enzi za zamani kuliko nyangumi yeyote, mawe ya kundi moja na yale yenye makaa ya Ngaka ambayo malori yanayabeba kila siku. Humo mna visukuku vya Procynosuchus, mnyama mdogo wa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wa ule ukoo uliokuja kuwazaa mamalia wote: kiboko, nyangumi, mimi na wewe. Mifupa ya mwenzake aliyepatikana Zambia ilimfanya mtaalamu mmoja, mwaka 1980, aone kwamba alikuwa akiogelea kwa mkia, kama fisi maji. Kwa hiyo habari ya wanyama wa nchi kavu kujaribu maji ni ya zamani mno, na ukurasa wake mmoja uko Ruvuma.

Humo humo Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa miaka ya 1930. Mmoja wa wanyama hao alikuja kutambulishwa rasmi Desemba 2012 kwa jina la Nyasasaurus, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana. Mfupa wa mkono wake uko London. Mwaka 2010 alitangazwa mwingine, Asilisaurus kongwe. Asili, kongwe: Kiswahili kitupu! Jina letu linatamkwa kwenye maabara za Chicago, na mimi niliyesoma baiolojia mpaka kidato cha nne sikuwahi kulisikia. Mageuko nilifundishwa kwa shingo ya twiga, mchoro ubaoni, nakili, mtihani, basi.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Sidai mifupa ya London irudi kesho kwa boti. Iliyochimbwa kuanzia 2007, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imeandikishwa Makumbusho ya Taifa, na hilo ni jema. Ninachodai ni kidogo na cha bei rahisi: nakala za plasta. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji. Chumba kimoja tu, kabati moja, mkono wa Nyasasaurus, fuvu la Procynosuchus, na kando yake fuvu la kiboko wa ziwani. Mtoto wa Mbinga aje avishike.

Najua watakaosema watu wanataka zahanati, siyo mifupa. Zahanati tunazitaka, lakini sijaona zahanati iliyokosa kujengwa kwa sababu ya kilo tano za plasta. Misri nao wana shida zao, na mwaka 2021 vijana wa Chuo Kikuu cha Mansoura wakamtangaza nyangumi mpya mwenye miguu minne, Phiomicetus, wakiongoza kazi wao wenyewe. Vijana hao waliyaona mawe ya kwao kwanza. Wa kwetu anayaona wapi? Anayakanyaga akienda kuchota maji.

Juzi nilimpigia mzee wa Lituhi. Nikamweleza yote, nyangumi, Pakistan, vifundo vya miguu. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza: "Sasa huyo nyangumi, na yeye anakula mpunga wa watu?"