MTOTO ALIYEFICHWA NAYE NI MWANANCHI

Sisi wa Muze twajua maana ya kufungiwa. Kwa miaka mingi, mvua zilipoharibu barabara ya mlimani iendayo Ntendo, tulikwama huku bondeni na mpunga wetu. Tulilalamika, na ilikuwa haki yetu kulalamika. Lakini je, ndugu wananchi, katika nyumba zetu wenyewe hakuna mtu tuliyemfungia?

Twasema juu ya watoto wenye hali ya Down. Wageni wakija, wako wanaopelekwa chumba cha nyuma. Majirani hunong'ona kwamba ni laana au uchawi, na mama ndiye atupiwaye lawama. Huo ni uongo. Tangu mwaka 1959 wataalamu wa Ufaransa walikwisha kueleza kwamba mtu wa hali hii huwa na kromosomu moja ya ziada, 47 badala ya 46. Hakuna mchawi aliyeiweka, wala mama hakukosa. Watoto hawa huzaliwa Afrika na Ulaya, kwa tajiri na kwa maskini.

Wako watakaosema, "Huyu ni mkorofi, atavuruga darasa." Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajibu: mara nyingi mtoto huyu huelewa mengi kuliko awezavyo kusema. Akikosa neno, husukuma mwenzake au hukaa chini akagoma. Fimbo haimpi neno. Mwonyesheni kwa vitendo; mwagizeni jambo moja kwanza, ndipo la pili; na akifanya vema msifuni papo hapo, wenzake wasikie. Pengine masikio yake hayasikii vizuri. Apelekwe hospitali apimwe masikio na moyo pia, kwa maana karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo.

Uhuru tulioupata tarehe 9 Desemba 1961 haukuwa wa wepesi wa akili peke yao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo imempa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Lakini sheria ikibaki katika makabati ya maofisi haimfai kitu mtoto wa Muze.

Kwa hiyo twatoa wito. Kila kiongozi wa shina ajue katika nyumba zake ni mtoto gani hajaandikishwa shule, na aende azungumze na wazazi kwa adabu, si kwa vitisho. Walimu wamketishe karibu nao. Neno "zezeta" likome vijiweni na mikutanoni. Na siku ya mkutano wa Chama, mzazi asimwache nyumbani; aje naye, akae miongoni mwetu, nasi tumsalimu kwa jina lake.

Tulidai barabara ili tusiachwe nyuma. Basi nasi tusimwache mtu nyuma ya mlango.

Uhuru na Umoja!