Spika wa miaka 36 aliyeishia kuhukumiwa kifungo

MICHAEL Madigan aliingia Bunge la Wawakilishi la jimbo la Illinois, Marekani, mwaka wa 1971. Kati ya 1983 na 2021 alikuwa Spika kwa jumla ya miaka 36.

Tangu 1998 aliongoza pia chama cha Democratic jimboni. Hivyo, mbunge wa chama hicho aliyetaka mswada upite, au fedha za kampeni, alibisha mlango uo huo. Nani angethubutu kumkosoa?

Mnamo 2020 kampuni ya umeme ya ComEd ilikiri kuwapa washirika wa Madigan kazi na malipo ili kumshawishi. Wenzake walimnyima uspika 2021. Juni 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu kwa ufisadi.

Cheo ni dhamana. Wasimamizi wakinyamaza, hugeuka mali ya mtu.