Kumbe Aliyeipiga Picha DDLJ Ndiye Aliyewainua Wapunjabi!



DDLJ ya mwaka 1995 mmeiona, hata nyie mnaojifanya hampendi Kihindi. Yale mashamba ya maua ya njano, Shah Rukh Khan kakunjua mikono, Kajol anamkimbilia. Haya, nani alikuwa nyuma ya kamera? Kimyaaa!

Anaitwa Manmohan Singh. Huyo huyo ndiye aliyepiga picha Chandni (1989), Darr (1993) na Dil To Pagal Hai (1997), zote za mzee Yash Chopra. Yaani jamaa alikuwa na ulaji ambao Mumbai nzima wangeupigania.

Sasa mwaka 2002 akaja na Jee Aayan Nu, filamu ya Kipunjabi, yeye mwenyewe akiongoza. Wakati huo filamu za Kipunjabi zilikuwa hoi. Punjab ilitoka kwenye miaka ya vurugu na mauaji, na biashara ya filamu ikayumba. Akamchukua mwimbaji, Harbhajan Mann, akampa nafasi ya staa. Hadithi yenyewe: kijana wa Punjab na binti wa Canada wanapendana, upande wa binti unataka kijana ahamie huko, kijana anagoma. Wapunjabi wa ughaibuni wakajiona humo. Akaendelea: Asa Nu Maan Watna Da (2004), Dil Apna Punjabi (2006), Munde UK De (2009).

Wapo wanaosema aliipamba sana Punjab, majumba makubwa na mashamba mazuri, shida za mkulima zikakaa pembeni. Hapo siwapingi sana.

Ila kuna kitu kimoja namvulia kofia. Ujuzi ule ule aliompa Yash Chopra ndio aliowapa watu wa Kipunjabi. Hakuwaletea makombo.

Huku kwetu je? Video ya msanii ya dakika 4 inapigwa na kamera ya maana, taa safi, rangi zimetulia. Njoo kwenye filamu ya Kiswahili sasa: sauti inakwaruza, usiku huoni sura ya mtu. Halafu tunalalamika watazamaji wanakimbilia za Wakorea! Wapiga picha wazuri tunao, jamani. Kiukweli, tatizo ni kwamba filamu ya nyumbani tunaipa kilichobaki.

Wewe unaonaje, shida ni hela au ni dharau? Funguka hapo chini.