Kabla hujauza kisu cha babu, soma mpini wake

Matanga yakishaanuliwa, ndugu hukaa kugawana alivyoacha mzee. Shamba lina mipaka, ng'ombe wanahesabika. Maneno huanzia kwenye vitu vidogo, kama kile kisu cha kukunja alichokuwa akiwamenyea wajukuu miwa. Mmoja anasema mpini ni mpingo, kiuzwe mjini. Mwingine anasema ni mti wa kawaida uliopakwa rangi, kitupwe. Hakuna aliyekitazama vizuri.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zilitawaliwa na Wajerumani, wakaja Wabelgiji mwaka 1916, kisha Waingereza. Visu vya Ulaya vilipita mikono mingi. Mipini ilipopasuka, mafundi wa hapa waliweka mingine kwa miti ya porini kwetu. Hivyo kisu kimoja kinaweza kuwa na bamba la Ulaya na mpini wa Biharamulo.

Mzazi, kikague mchana, kwenye mwanga wa jua. Kisu kibaki kimekunjwa, na ukishike wewe, si mtoto.

Kwanza, je, ni mti? Mti una mistari inayofuata upande mmoja. Mfupa una vidoa na vijistari vifupi vyeusi. Pembe ya ng'ombe ni laini, na mara nyingine ukingo wake unaachana matabakamatabaka kama kucha. Ukishuku ni jino la tembo, usiuze wala kumpa mtu. Hiyo ni nyara ya Serikali, na kuimiliki bila kibali ni kosa. Waulize maofisa wa wanyamapori.

Pili, tazama ncha ya mpini, pale mti ulipokatwa kwa kukingama. Piga picha kwa simu, kisha ikuze. Mninga una vitundu vinavyoonekana kwa macho, na rangi yake ni ya kahawia, pengine yenye wekundu. Mpingo umeshikana sana, vitundu vyake ni vidogo mno. Ni mweusi wenye michirizi ya kahawia au zambarau, na ukiona ukanda wa njano pembeni usidhani ni kasoro. Hiyo ni sehemu ya nje ya mti huohuo.

Tatu, tafuta rangi ya kupaka. Kuna wanaopaka mti mwepesi rangi ya viatu na kuuita mpingo. Lowesha pamba kwa spiriti kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Pamba ikiwa nyeusi, pengine kuna kitu kimepakwa, ingawa huenda ni vanishi ya zamani tu. Angalia basi mikwaruzo na upande wa ndani, bamba linapojikunja. Kama ndani ni peupe, umepata jibu.

Nne, uzito. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande kilichokauka huzama majini, ilhali mninga mkavu huelea. Lakini usitumbukize kisu kizima. Chuma kitakudanganya kwa uzito wake, na maji yataleta kutu. Jaribu hivyo tu ikiwa kipande cha mpini kimeshabanduka chenyewe.

Usikimbilie msasa ili kiwe kipya. Utaondoa alama za mkono wa mzee, na vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua, hasa cha mtoto. Kitambaa kikavu kinatosha, na tone la mafuta kwenye bawaba.

Sasa turudi kwa wale ndugu. Tuseme wamekagua, wakakuta si mpingo bali ni mninga, na ribiti zake ni misumari iliyogongwa kwa mkono. Mnunuzi wa mjini atasema kimeharibika kwa kuwa mpini si wa kiwandani. Kwa familia, huo ndio ushahidi kwamba kilivunjika, na mzee akaona kinafaa kutengenezwa badala ya kutupwa. Huenda mpini aliuchonga mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, muulizeni shangazi au jirani wa rika lake: nani aliweka mpini huu, lini, na mti ulitoka wapi? Mtoto aandike majibu kwenye daftari, pamoja na picha. Wenye majibu hayo wanazeeka. Kisu kinaweza kungoja mnunuzi mwaka mzima, shangazi huenda asingoje.