Keki ya Komunyo na Deni la Nyumba

Msimu wa Komunyo ya Kwanza ukikaribia, wako wazazi wa Kamanyola wanaokopa ili waagize keki ya ghorofa kutoka Bukavu. Keki hiyo huteremka milima ya Ngomo ikitikiswa, kisha hukutana na joto la bonde la Ruzizi, na krimu yake huyeyuka. Deni haliyeyuki, hulipwa kwa ada ya shule ya watoto.

Hatukatai urembo, kwa maana sikukuu hustahili kupambwa. Lakini mama zetu hujua kuoka pasipo tanuri: sufuria nzito yenye mchanga, makala chini, makala juu ya kifuniko. Unga wa ngano waweza kuongezewa kidogo ule wa muhogo, na karanga za kukaanga zikawa pambo. Basi tumwagize jirani mwenye ujuzi huo, tena tumlipe kwa haki, wala tusimwombe bure kwa jina la udugu.

Siku hiyo mtoto hupokea Mkate usio na pambo lolote. Keki iliyookwa nyumbani, ikakatwa na kuwatosha majirani, yatosha kumwandamia.