BAHARI SI MAHALI PA WALIOSHINDWA

Liko neno moja ambalo sisi tutokao visiwani twalisikia kila muhula. Mwanafunzi akipata alama mbaya huambiwa, "Wewe utarudi kwenu ukavue." Wenzake hucheka, naye huinamisha kichwa. Maana ya neno hilo ni kwamba bahari ni mahali pa watu wasio na akili. Mimi nasema sivyo, na sababu zangu ni hizi.

Katika Bahari ya Pasifiki kiko kisiwa kiitwacho Satawal, katika nchi ya Mikronesia. Ni kidogo sana, hata mtu aweza kukizunguka kwa miguu katika muda wa vipindi viwili vya darasa. Huko alizaliwa Mau Piailug mwaka 1932. Babu yake alianza kumfundisha bahari tangu utotoni. Wanafunzi wa elimu hiyo hupangiwa mawe kwa duara, na kila jiwe ni mahali nyota fulani ichomozapo au ituapo.

Mwaka 1976 watu wa Hawaii walikuwa wamekwisha kuunda chombo cha tanga cha mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja, jina lake Hōkūleʻa. Walitaka kuonyesha kwamba wazee wao walivuka bahari kwa kukusudia, si kwa kupotezwa na upepo. Lakini kwao elimu hiyo ilikuwa imekwisha kufa. Basi wakamwomba Mau. Naye akawaongoza kutoka Hawaii mpaka Tahiti, mwendo wa zaidi ya kilometa 4,000, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, bila dira wala ramani, katika njia ambayo hajapata kuipita. Usiku alifuata nyota. Mchana alifuata jua na mawimbi makubwa yatokayo mbali. Ndege wa baharini pia ni alama, kwani wako ambao jioni hurudi nchi kavu kulala.

Je, huyo ni mtu asiye na akili? Kukumbuka nyota zote hizo, kukisia mwendo wa chombo na mkondo wa maji, usiku na mchana, bila kuandika hata mstari mmoja! Nani kati yetu aweza hesabu hiyo kichwani?

Wala mambo haya si mageni kwetu. Babu yangu ni nahodha wa mashua katika visiwa vya Mafia. Hutazama rangi ya maji akajua fungu lilipo. Ajua siku za bamvua na za maji mafu, na ajua lini kaskazi inakwisha na kusi inaanza. Wazee wetu husema, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tena, wataalamu wengi waona kwamba ngalawa zetu zenye matengo zina udugu na vyombo vya watu waliovuka bahari kutoka upande wa Indonesia wakafika Bukini, ambako lugha yao yasemwa hata leo.

Mwenzangu atasema, "Siku hizi simu yaonyesha njia." Ni kweli, wala sisemi simu itupwe. Lakini betri huisha, na maji ya chumvi hayachagui. Tena simu ikuonyeshapo mahali ulipo, haikushikii tanga upepo ugeukapo ghafula.

Wala sisemi kwamba ujuzi watosha peke yake. Mwaka 1978 Hōkūleʻa ilipinduka karibu na Hawaii kwenyewe. Baharia mmoja, Eddie Aikau, aliondoka juu ya ubao wake kwenda kutafuta msaada, asionekane tena. Wenzake waliokolewa. Tangu hapo watu wake walizidisha tahadhari. Nasi vivyo hivyo: nahodha hodari avae jaketi la kuokolea, na asipakie kupita kiasi.

Lakini liniumizalo hasa ni hili. Mau alikubali kuwafundisha watu wa mbali kwa sababu aliona vijana wa kwao wavutwa na mambo mengine, akaogopa elimu ile isife pamoja naye. Alifariki mwaka 2010, lakini elimu yake ipo. Wahawaii walilazimika kuazima mwalimu kutoka maelfu ya kilometa. Sisi walimu tunao nyumbani, nasi twawacheka.

Kwa hiyo natoa shauri. Likizo ijayo kila mwanafunzi atokaye pwani amwendee nahodha mmoja, amwamkie kwa adabu, aandike majina ya nyota, pepo, mafungu na miamba anayoyajua. Gazeti hili liyachape. Na walimu wetu nawaomba kwa heshima, tukikosa hesabu tuadhibiwe kwa hesabu, tusitishwe kwa kazi ya baba zetu.

Mimi nataka kufaulu mtihani kama kila mtu. Lakini nikija kushika usukani siku moja, isisemwe kwamba nilishindwa shule.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne